Peni 99, na muuaji hayumo: uzoefu wangu na vitabu pepe vya bei ya kutupa

Jamani, nina hasira, na hasira yenyewe ni ya peni 99. Najua. Kwa bei za hapa Uingereza peni 99 hata kikombe cha chai cha maana hupati. Lakini mtu akikuuzia riwaya ya upelelezi halafu muuaji hayumo ndani, usihesabu peni. Hesabu usingizi uliokosa, ubashiri uliokuwa ukiujenga kichwani, na ile furaha ya kujiambia "nilijua mimi, nilijua!" ambayo hukuipata.

Duka silitaji. Msidhani ni uungwana, sitaki tu kuwapigia debe. Ni moja ya yale maduka ya vitabu pepe yanayokumwagia barua pepe kila asubuhi: ofa ya leo, mwisho saa sita usiku, mauaji kijijini kwa punguzo la asilimia 80. Na mimi ndiye mteja wanayemtafuta. Nafanya kazi ya kutunza wazee hapa Leicester, zamu ya usiku, na wazee wakishalala kuna yale masaa ya saa nane hadi saa kumi na moja ambayo usipokuwa na kitu cha kukushika utasinzia, na ukisinzia kazi huna. Mimi hunishika mauaji ya Waingereza. Sizungumzii yale ya kisasa ya damu kila ukurasa. Nataka ya zamani: jumba shambani, theluji imefunga njia, tajiri kafia kwenye chumba kilichofungwa kwa ndani, na ndugu wote chini wanasubiri wosia huku wanakunywa chai. Aliyelelewa na Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, na kiko chake na maswali yake ya upole, hahitaji kuelezwa utamu uko wapi. Bwana Msa mwenyewe ana ujomba na Sherlock Holmes.

Na bei za kuwinda zipo kweli, nisiwadanganye kwa sababu nimekasirika. Kitabu cha pauni sita au saba kinashushwa hadi peni 99 kwa siku moja, au kwa mwezi mzima kuanzia tarehe mosi. Mara nyingi ni kile cha kwanza katika mfululizo, ili ukinasa uvinunue vinavyofuata kwa bei kamili. Mtego naujua na naingia kwa miguu yangu mwenyewe. BookBub unaiambia unapenda aina gani na unanunua duka gani, inakuletea orodha. eReaderIQ inafuatilia kitabu unachokitaka na kukutonya siku bei yake ikianguka. Hao sina ugomvi nao.

Ugomvi wangu ni na wafufuaji. British Library, maktaba ya taifa ya hapa, walikuwa na mfululizo wao, Crime Classics, wa kuwatoa kaburini waandishi waliosahaulika, na Krismasi ya 2014 riwaya moja ya mwaka 1937, ya J. Jefferson Farjeon, ikauzwa kwa wingi ambao hakuna aliyeutarajia. Tangu hapo, kwa macho yangu mimi, kila mwenye skana amejiita mchapishaji. Kitabu cha zamani kinapigwa picha, kompyuta inasoma herufi inavyojisikia, hakuna binadamu anayepitia, kinavishwa jalada la nyumba yenye taa moja dirishani, kinaingia sokoni. British Library wanafanya kazi yao kwa heshima. Hao wengine ndio walionipata.

Kitabu chenyewe kilianza vizuri, na hilo ndilo linaloniuma. Kweli, jina la inspekta liliandikwa namna tatu tofauti, na kuna ukurasa ambapo mazungumzo ya kasisi na mpishi yalichanganyika hadi ikaonekana mpishi ndiye anayehubiri. Nilisamehe. Kwa peni 99 unasamehe. Kulikuwa na saa ya ukutani iliyosimama, barua iliyochomwa nusu, glavu moja, na daktari wa kijiji aliyekuwa mwema kupita kiasi, na mnajua wenyewe mtu mwema kupita kiasi katika hivi vitabu ana maana gani. Mimi nilikuwa nimemshika mjane. Nilikuwa na sababu zangu.

Ikafika alfajiri, mzee wa chumba cha mwisho kashageuzwa upande, nyumba kimya. Inspekta kawakusanya wote sebuleni. Kamwomba mtu afunge mlango. Kaketi. Akasema, "Tuanze na ile saa." Nikafungua ukurasa unaofuata.

"Umekifurahia kitabu hiki? Kipe nyota!"

Chini yake, majalada ya vitabu vingine vya peni 99. Nikarudi nyuma, nikaenda mbele, nikazima, nikawasha, nikakifuta kwenye simu na kukipakua upya. Yaliyomo yanataja sura mbili zaidi. Unazigusa, zinakupeleka kwenye nyota. Na pale chini kabisa, kwa maandishi madogo ya kujiamini: asilimia 100.

Nilipofika nyumbani sikulala. Nikawatafuta huduma kwa wateja, wale wa kuchati. Akaja mmoja wa jina la kwanza tu. Nikamweleza kistaarabu kabisa, maana nilikuwa bado mtu mstaarabu: sura mbili za mwisho hazimo.

"Mfumo wetu unaonyesha umekimaliza kitabu, madam."

Nikamwambia nimekimaliza kwa sababu kimekatika.

"Ni sahihi, madam. Asilimia 100."

Nikaomba pesa. Akanijibu kwamba nilipokubali kupakua nilipoteza haki ya kughairi ndani ya siku 14, akanibandikia kifungu. Nikamwambia sighairi chochote, bidhaa ni mbovu. Kimya. Vile vidoti vitatu vikacheza, vikaacha, vikacheza tena. Nikadhani anamwita mkubwa wake. Kumbe alikuwa anatafuta mtandaoni.

"Asante kwa kusubiri. Nimepata ufumbuzi. Muuaji ni daktari. Je, kuna jambo jingine ninaloweza kukusaidia leo?"

Ndugu zangu, nilisimama. Niko peke yangu jikoni, simu mkononi, nimesimama kama naitwa mahakamani. Hakuniuliza kama nataka kujua! Kumtajia msomaji wa riwaya hizi jina tupu la muuaji ni kumpa machicha ukamwambia haya, nazi hiyo. Nataka saa ilisimamaje. Nataka glavu ya pili ilikuwa wapi. Nataka yule inspekta mwenye majina matatu anitembeze chumba kwa chumba anionyeshe nilichokiona nikakipuuza. Nilichomwandikia yule kijana sitakirudia hapa, mama yangu naye husoma.

Halafu akanitumia fomu ya kumpa nyota na yeye.

Hapa ndipo unapoona hawa watu hawajui wanauza nini. Waandishi wa Uingereza wa enzi hizo walikuwa na chama chao, Detection Club, kilichoanzishwa mwaka 1930 na rais wake wa kwanza akiwa G. K. Chesterton, na mwanachama alikuwa anaapishwa: hakuna kumwokoa mpelelezi kwa ufunuo wa Mungu wala kwa sadfa, na dalili muhimu asifichwe msomaji. Waliapa kucheza haki na msomaji. Hakuna aliyewaza kiapo kingehitajika pia kwa anayebonyeza kitufe cha "pakia". Na Marekani enzi hizo hizo, wachapishaji Harper walikuwa na mfululizo ambao sehemu ya mwisho ya kitabu imefungwa kwa karatasi. Ukiweza kujizuia usiichane, unakirudisha dukani na pesa yako unapewa. Yaani wao walikuwa na uhakika na mwisho wao kiasi hicho. Mimi mwisho sikupewa, na pesa naambiwa hairudi.

Pesa ilirudi, lakini. Shifti iliyofuata mfanyakazi mwenzangu, binti wa Kigujarati ambaye bibi yake alizaliwa Kampala na bado anagombana kwa Kiswahili, akanifungulia macho: Consumer Rights Act ya 2015, sheria ya haki za wanunuzi wa hapa, inahusu hata bidhaa za kidijitali. Ikiwa na kasoro, muuzaji airekebishe au aibadilishe, na akishindwa akupunguzie bei, hata bei yote. Habari ya siku 14 ni mlango mwingine kabisa, yule kijana alikuwa ananizungusha. Nikarudi kwenye chati nikiwa nimeliandika jina la sheria na mwaka wake, bila salamu. Safari hii alikuwa mwanamke, na hakubishana hata kidogo. Akanirudishia peni zangu 99 na kuniomba radhi kwa maneno ambayo hayakunakiliwa popote. Niliona makosa ya tahajia ndani yake, nikajua ni mtu. Nikamuuliza kama kuna toleo zima. Akasema lipo, la mchapishaji mwingine, ila linauzwa nchi nyingine tu, na akaunti yangu ni ya Uingereza.

Hili la nchi nalo liwekeni akilini mlio nyumbani. Mdogo wangu wa Tanga kila nikimrushia kiungo cha ofa ananijibu kwa emoji ya hasira: kwake kitabu ni dola tisa, au hakipo kabisa. Haki za kuuza hugawanywa kwa nchi, na ofa ya peni 99 mara nyingi ni ya soko la Uingereza peke yake. Yeye nimemwelekeza kwenye tovuti za Project Gutenberg na Standard Ebooks, vitabu bure kabisa. Arthur Conan Doyle, mwenye Sherlock Holmes wake, alifariki 1930, hadithi zake zote ziko huru sasa, na hizo za Standard Ebooks zimepitiwa na watu wenye macho. Agatha Christie ni habari nyingine. Alifariki 1976, na hapa Uingereza hakimiliki hudumu miaka 70 baada ya kifo, kwa hiyo vyake vina mwenyewe hadi mwisho wa 2046. Ukiona muuzaji wa Uingereza anakupa "kazi zake zote" kwa peni 50, kimbia.

Mimi kitabu changu nilikwenda kukiomba maktaba ya mtaa. Niliweka oda, kikaletwa kutoka tawi jingine, nakala ya maandishi makubwa ya wazee, nzito kama tofali. Sikungoja kufika nyumbani. Nikasimama katikati ya rafu, nikafungua pale pale, "Tuanze na ile saa."

Daktari wa watu hakuua hata nzi.

Nasema kweli. Yule kijana alichanganya kitabu. Alinipa muuaji wa riwaya nyingine ya mwandishi huyo huyo. Na kwa kuwa nilikuwa nimeshaamini ni daktari, ukweli ulipokuja ulinipiga mara mbili. Nilicheka hadi mama mmoja wa rafu ya bustani akageuka. Sijawahi kufurahia mwisho wa kitabu namna ile miaka mingi, na sehemu ya furaha hiyo, lo, nadaiwa na mtu aliyeniharibia asubuhi. Nusura niwaandikie kuwashukuru. Mjane wangu? Hakuwa yeye. Aliyekuwa simtaji, mimi si wao.

Sasa hukumu. Nilikuwa nimewapa nyota moja. Nikaongeza ya pili kwa ajili ya yule mwanamke wa kukosea tahajia. Halafu juzi nimeangalia: kitabu bado kinauzwa, bado kimekatika pale pale, sasa peni 79. Nyota moja. Na ningeweza kutoa nusu ningetoa nusu.

Kama mtanunua, msitegemee sampuli, maana sampuli ni kurasa za mwanzo na mwanzo huwa mzima kila siku. Someni maoni ya wenye nyota moja, hao ndio waliofika mwisho. Tazameni jina la mchapishaji. Likiwa hujawahi kulisikia na lina vitabu mia vya mwaka huu, shaka. Na mlioko Uingereza, kadi ya maktaba ni bure, na kwa programu ya Libby au BorrowBox, kutegemea halmashauri yako, unaazima vitabu pepe bila kutoa hata peni moja. Foleni ya vile vipya ni ndefu, lakini wafu wa miaka ya 1930 hawana foleni.

Barua za lile duka nimeziamuru ziende moja kwa moja kwenye taka. Ingawa, nisiseme uongo, tarehe mosi taka nayo huwa naipitia.