Mti wa Krismasi uliowafutisha wanafunzi wangu majibu sahihi

Desemba inakaribia, na najua walimu wenzangu wa tuisheni wameshaanza kutafuta kazi za kuwapa watoto wa likizo. Kuna pakiti moja ya grafu za sikukuu inauzwa mtandaoni: unalipa, unapakua, unaprinti, unaingia nayo darasani. Mti wa Krismasi, nyota ya Eid, yai la Pasaka, bata mzinga wa ile sikukuu ya Wamarekani ya mwezi Novemba. Jina la muuzaji silitaji. Nataka niwaeleze alichonifanyia mimi na watoto wangu, halafu kila mtu aamue mwenyewe kama hela yake iende huko.

Kwa asiyezijua kazi hizi: mwanafunzi anapewa orodha ya milinganyo ya mistari, kila mmoja na mipaka yake ya x. Anatafuta nukta mbili za mwisho, anaziunganisha kwa rula, anahamia mlinganyo unaofuata. Orodha ikiisha, picha imetokea. Ni kazi nzuri sana, nasema hivyo nikiwa na hasira zangu, kwa hiyo niaminini. Mada hii watoto wengi wanaiimba tu tangu kidato cha kwanza: y ni sawa na mx jumlisha c, m ni mteremko, c ni pale mstari unapokata mhimili wa y. Mwambie sasa auchore, unamwona anaangalia daftari la jirani.

Karatasi ya kwanza kuitumia ilikuwa ya Eid, Ramadhani ikiwa ukingoni. Hapa Tanga darasa langu ni la mchanganyiko, Waislamu na Wakristo benchi moja, na nyota ya pembe nane kila mtoto anaijua kutoka kwenye mapambo ya misikiti. Ilikuwa mistari minane tu. Minne ya mraba uliosimama: y = 4, y = −4, x = 4, x = −4. Minne ya mraba uliolala kipembe: y = x + 6, y = −x + 6, y = x − 6, y = −x − 6. Kila makutano yanaangukia kwenye namba kamili, (4, 2), (2, 4), hivyo hivyo mzunguko mzima, kwa hiyo mtoto hababaishwi na desimali. Akili yake yote iko kwenye mstari. Walipofika x = 4 wakagoma. "Ticha, y iko wapi hapa?" Tukabishana nusu kipindi juu ya mstari unaosimama wima, kwa nini hauna mteremko wa kuandika. Kijana mmoja akaona kwamba y = x + 6 na y = −x + 6 zimekutana kwa pembe mraba, akauliza kama ni bahati tu. Nikapata mlango wa kuwafundisha kwamba miteremko miwili ukiizidisha ikakupa −1, mistari hiyo lazima ikutane hivyo. Mimi sikuwa nimepanga kufika huko siku ile. Walinipeleka wao.

Wakazipaka rangi, wakaenda nazo nyumbani kwenye Eid, na wazazi wakaniuliza hii hesabu ya namna gani. Niliwaandikia wauzaji kuwashukuru, na niliisifia pakiti ile kwa kila mwalimu niliyekutana naye. Ndiyo maana kilichofuata kimeniuma hivi.

Desemba nikatoa mti wa Krismasi. Pembetatu ya juu ina mistari mitatu. Upande wa kulia, y = −2x + 10, x ikianzia 0 hadi 2. Upande wa kushoto, y = ½x + 10, x ikianzia −2 hadi 0. Kitako, y = 6, x ikianzia −2 hadi 2. Chukua penseli ufuate. Mstari wa kulia unashuka kutoka (0, 10) hadi (2, 6), unakutana na kitako vizuri. Wa kushoto, weka −2: nusu yake ni −1, jumlisha 10, unapata 9. Unaishia (−2, 9). Kitako kinaanzia (−2, 6). Pana uwazi wa vizio vitatu, mti uko wazi ubavuni. Aliyeandaa alitaka 2x akaandika ½x. Mteremko umepinduliwa, na karatasi ya majibu inaonyesha mti uliofungwa safi, kana kwamba 2x ndiyo iliyoandikwa.

Sasa sikilizeni kilichotokea darasani, kwa sababu hapo ndipo penye kosa lenyewe, si kwenye wino. Juu ya karatasi pameandikwa kwa herufi kubwa kwamba mti ukitokea, mwanafunzi amepata yote. Watoto wakaamini. Waliopiga hesabu sawasawa wakapata 9, wakaona ubavu uko wazi, wakajua wamekosea. Wakafuta. Mmoja alifuta mpaka karatasi ikatoboka. Waliokuwa hawajapiga hesabu yoyote wakaangalia upande wa kulia, wakauhamishia kushoto kwa macho, mti ukafunga, wakaanza kupaka kijani.

Kuna binti mmoja anakaa karibu na dirisha, si msemaji, kwenye hesabu ndiyo kwanza alikuwa anaanza kusimama. Alibaki na mstari wake pale kwenye 9. Wenzake wakamwinamia: "Umekosea, futa." Akasema kwa sauti ndogo, "Nimepiga mara mbili, inakuja tisa." Wakacheka. Nilipofika alikuwa ameshashika ufutio, ameufuta mstari nusu. Nikamwambia asifute. Nikaenda ubaoni, nikaandika mlinganyo, nikaweka −2 mbele ya wote, ikatoka 9. Darasa likanyamaza. Lakini uso wa yule binti niliuona, na haukuwa uso wa mtu aliyeshinda. Alikuwa ameshakubali moyoni kwamba hesabu yake haifai.

Tangu Descartes, yule mwanahisabati Mfaransa, alipochapisha jometria yake mwaka 1637, msingi wa jambo hili ni mmoja: mlinganyo ndio unaoamua mstari upite wapi. Mchoro haumwamuru mlinganyo. Pakiti hii, kwa kosa moja na lile agizo la herufi kubwa, iliwafundisha wanafunzi wangu kinyume chake. Iliwafundisha kuangalia jibu linafananaje, kisha kulisogeza. Kwenye chumba cha mtihani wa taifa hakuna mti wa kukuonyesha kama umepatia.

Jioni ile nikafungua GeoGebra, programu ya kuchora grafu, kwenye simu, nikaingiza mistari yote mitatu na mipaka yake, nikapiga picha ya skrini, uwazi unaonekana wazi, nikawatumia wauzaji. Barua yangu ilikuwa ya heshima. Niliwapongeza kwa nyota ya Eid, nikawaelekeza mlinganyo gani una kosa, nikaomba warekebishe. Jibu lilikuja kesho yake. Wakanishukuru kwa kununua. Wakasema kazi hiyo imetumiwa na walimu wengi na hakuna aliyewahi kulalamika. Halafu wakasema, narudia maana yake bila kuongeza chumvi, kwamba inaonekana wanafunzi wangu bado hawajaelewa mteremko, niwarudishe kwanza kwenye misingi kabla ya kuwapa kazi ya kiwango hiki. Mwishoni pamewekwa kale kakichwa ka njano kanakotabasamu.

Wanafunzi wangu! Wale waliopata 9 kwa mkono, kwa penseli iliyobaki kipisi, wanaambiwa hawajui mteremko na mtu aliyeshindwa kutofautisha 2 na ½. Picha ya skrini hawakuifungua, au waliifungua wakaona ni heri kumlaumu mtoto. Nimefundisha miaka mingi, nimeshatukanwa na wazazi, nimeshapishana na wakuu wa shule, na bado lile jibu lilinikosesha usingizi. Nikaandika tena, safari hii bila pongezi. Kimya. Nikaomba wanirudishie hela. Wakajibu haraka: bidhaa ya kupakua hairudishwi.

Kuna watakaosema mwalimu alipaswa kukagua kwanza. Ningekuwa na muda wa kupitia kila mlinganyo wa kila karatasi ningeandaa mwenyewe, nisingenunua. Hicho ndicho kinachouzwa pale: muda wa mwalimu, na uhakika kwamba kuna mtu ameshapiga hesabu. Karatasi ya hesabu isiyopigwa hesabu na aliyeiuza, ni kitu gani hicho mnachotuuzia?

Na kwa kuwa nimeshafika hapa, niseme na mengine. Karatasi zimepangwa kwa vipimo vya Kimarekani, si A4. Miraba yake ni ya robo inchi wakati rula ya mtoto wa huku ni ya sentimita, kwa hiyo hawezi kupima, anahesabu vijiraba kwa ncha ya penseli. Kijana wa steshenari alihangaika na ukingo mpaka foleni ikanung'unika. Picha ya mtu wa theluji sina ugomvi nayo, watoto waliipenda. Ila hayo yote ningeyavumilia, na Eid niliyavumilia.

Sasa kilichonirudisha kuandika leo. Baada ya shule kufunguliwa niliingia tena kupakua ile ya Pasaka, maana nilishailipia. Nikafungua na mti, nikatazama. Upande wa kushoto sasa unasoma y = 2x + 10. Wamerekebisha! Kimyakimya, hakuna taarifa, hakuna neno la samahani, wala barua kwa walimu waliokwisha kuprinti toleo la zamani. Kwa hiyo barua yangu waliisoma. Waliijua kweli, na lile neno kuhusu wanafunzi wangu wakaliacha lisimame.

Ya Pasaka nimeipitia yote, mstari kwa mstari, ncha zote mbili, nikiwa na GeoGebra pembeni. Iko sawa. Tena imeandaliwa kwa akili: michirizi ya yai ni mistari sambamba, mteremko mmoja, kinachobadilika ni c tu, mtoto anaona mwenyewe c inavyoupandisha na kuushusha mstari bila kuuinamisha. Ningeitaka darasani kesho. Hapo ndipo ninapochanganyikiwa, kwa sababu aliyetengeneza nyota ile na yai hili anajua kufundisha, hilo siwezi kumnyima.

Basi nibadilishe nilichokuwa nimekusudia kusema. Nilitaka kuwaambia msinunue kabisa. Nunueni mkitaka, ila kabla karatasi haijamfikia mtoto, wekeni namba zote mbili za mipaka ya x kwenye kila mlinganyo, na lile agizo la mti ukitokea lifunikeni mnapotoa kopi. Mimi kwa nyota na yai ningewapa alama zote. Kwa mti na kwa lile jibu nawapa moja, na hiyo moja ndiyo niliyoweka kwenye tathmini hii.

Nimewaandikia kwa mara nyingine. Hela sijaitaja. Nimewaomba wamtumie kila mwalimu aliyenunua ujumbe mfupi: mlinganyo wa pili wa mti ulikuwa na kosa, na mwanafunzi aliyepata 9 alikuwa sahihi. Hadi naandika hapa hawajajibu. Wakiutuma, nitauprinti, nitampa yule binti wa dirishani, kisha nitakuja kubadilisha alama.