Mapitio ya Dune: Wafremen kwa macho ya mtoto wa wafugaji

Mimi ni mtu wa North Horr, ukingoni mwa jangwa la Chalbi, kaskazini mwa Kenya, kwa hiyo kitabu kinachodai kulijua jangwa nakisoma kwa ukali. Dune, riwaya ya Frank Herbert ya mwaka 1965, naipa nyota nne kati ya tano, na zote nne ni za Wafremen. Hawa ni watu wa kubuni wa sayari ya Arrakis, mahali ambapo mvua hainyeshi kabisa. Kila desturi yao, kuanzia salamu hadi mazishi, imezaliwa na kiu. Habari za wafalme na njama zao wengine wameshazieleza, mimi nitakaa na Wafremen.

Nakala yangu ni ya mtumba, nimeinunua Nairobi kwa muuza vitabu wa kando ya barabara. Jalada jepesi, maandishi madogo yanayochosha macho, lakini gundi imeshika na hakuna ukurasa uliochomoka.

Mapema tu kuna kikao ambacho kiongozi wa Wafremen, Stilgar, anatema mate juu ya meza mbele ya Duke Leto, mtawala mpya. Walio kikaoni wanaghadhibika. Duncan Idaho, aliyekwisha kukaa na Wafremen, anawatuliza, anamshukuru mgeni kwa kutoa unyevu wa mwili wake, kisha naye anatema. Wasomaji wa mijini huona kinyaa hapo. Aliyewahi kuona mzee wa Kimaasai akimtemea mtoto mate ya baraka hahitaji kuelezwa zaidi. Herbert ameipa desturi hiyo sababu yake mwenyewe: mahali ambapo jasho na mkojo huchujwa ndani ya vazi na kurudishwa mdomoni kwa mrija, tone ulilolitoa kwa hiari ni mali.

Sehemu ninayoirudia zaidi ni kifo cha Jamis. Mfremen huyu anamdai kijana Paul, mwana wa Duke Leto, pambano la visu, Paul anamuua, na mwili wake unatolewa maji yote. Imani yao ni kwamba nyama ni ya mtu mwenyewe lakini maji ni ya kabila. Paul aliyeshinda anakabidhiwa pete za chuma zinazohesabu maji ya marehemu, lita 33 na ushei. Kabla ya hapo wanakaa kuzunguka vitu vya Jamis, na mmoja mmoja anasimama, anasema alikuwa rafiki yake, anataja jambo moja alilotendewa naye, kisha anachukua kitu kimoja. Paul naye analazimika kusimama, yeye aliyemuua. Machozi yanamtoka, na watu wananong'ona kwa mshangao kwamba anampa maiti maji. Wao hawalii. Nimehudhuria mazishi mengi na sijasoma ukurasa wa riwaya ulionigusa kama huo. Wala habari haiishii kaburini: mjane, Harah, na wanawe wawili wanakuwa jukumu la Paul, na kwa mwaka mzima lazima amtunze, ama kama mke ama kama mtumishi. Ukiua baba, nyumba yake ni mzigo wako. Mwandishi haifanyi sheria hiyo kuwa tamu, na Harah mwenyewe anaudhika kuchaguliwa utumishi. Hilo limenifanya niiamini.

Sasa nyota niliyoikata. Watu hawa wanatajwa kama wahamaji, lakini mifugo iko wapi? Makao yao ni mapango wanayoyaita sietch, wanasafiri kwa kumpanda mnyoo mkubwa wa mchangani kwa kulabu, na sikuona kundi lolote la kuchunga. Mhamaji ninayemjua mimi hufuata malisho. Asubuhi yake huanza na sauti ya kengele za ngamia, na wimbo wake ni wa kisimani. Herbert amewaza maji kwa undani wa ajabu akasahau maziwa.

La pili ni zito zaidi. Stilgar anapowakuta Paul na mama yake Jessica jangwani, shauri lake la kwanza ni kumpokea kijana na kumuua mama ili maji yake yachukuliwe, kwa kuwa umri wake wa kujifunza jangwa umepita. Jessica anaokoka kwa sababu anajua kupigana. Kwetu mgeni hunyweshwa kwanza, ukoo wake huulizwa baadaye. Wagabra tuna dabarre: mwenye ngamia humkopesha asiye naye jike la kukamwa, maziwa yawe ya mkopaji, ndama wabaki wa mwenyewe. Misimu mitano ya mvua ilipokosa kufuatana kuanzia mwishoni mwa 2020, mifugo ikafa kila upande, watu waliishi kwa kugawana. Ukame hufundisha kutoa kuliko unavyofundisha kunyang'anya. Nakiri kwamba ndani ya kabila Wafremen wanalo jambo hilo: wamezika chini ya miamba bwawa kubwa la maji ya wote, na mwenye kiu hatalionja, kwa kuwa limewekwa kwa ajili ya siku ambayo Arrakis itaota majani. Lakini mkono huo haumfikii mpita njia.

Kuhusu imani, jiandae kukasirika. Wafremen wanamngoja Mahdi atakayekuja kutoka nje, na msomaji anaambiwa wazi kwamba utabiri huo ulipandikizwa zamani na Bene Gesserit, chama cha wanawake chenye siri nyingi, ili mwenzao akikwama jangwani apate pa kujificha. Jessica, ambaye ni mmoja wao, anaujua mtego huo na anautumia, kwa kuanza na mtumishi Mapes anayemletea kisu kitakatifu cha jino la mnyoo. Watu wanaamini kwa moyo safi na mwingine anavuna. Paul mwenyewe anaiona mbele yake jihadi itakayopiganwa kwa jina lake na anaiogopa, lakini haachi kupanda ngazi hiyo. Msomaji anayemshangilia Paul hadi mwisho amesoma kwa haraka mno.

Usiruke viambatisho. Cha kwanza kinasimulia habari za Pardot Kynes, mwanasayansi aliyewaambia Wafremen kwamba jangwa lao linaweza kuwa kijani baada ya miaka 300 hadi 500. Wazee wakamtuma Uliet amuue. Kynes, akiendelea kueleza mitego ya kuvuna unyevu wa hewa, akamwambia apishe njia. Uliet akasogea hatua chache, akajiangusha juu ya kisu chake mwenyewe. Kuanzia siku hiyo neno la Kynes likawa amri. Mbegu ya riwaya nzima iko hapo: mwaka 1957 Herbert alikwenda Florence, Oregon, kuandika habari za watu waliokuwa wakizuia mchanga unaohama kwa kupanda nyasi.

Kwa hiyo ukipata nakala mtaani, ifungue nyuma kabla ya kulipa. Hakikisha viambatisho, ramani na faharasa ya maneno vimo, maana faharasa utaihitaji tangu sura ya kwanza. Na kama macho yako ni kama yangu, tafuta chapa ya maandishi makubwa hata ikibidi uongeze pesa.