Dell Precision T3500: kujaza nafasi tupu au kubadilisha vibao vya kumbukumbu?

Kompyuta yetu ya kuchorea ramani, Dell Precision T3500, hapa Lubumbashi ina nafasi 6 za kumbukumbu, na tatu tu zina vibao vya DDR3 (aina ya kumbukumbu), gigabaiti 2 kila kimoja. Kuongeza vitatu vya aina hiyohiyo ni nafuu na huleta gigabaiti 12, lakini nafasi zote hujaa. Kuvitoa na kutia vitatu vya gigabaiti 4 huleta 12 zilezile, huku nafasi 3 zikisubiri siku ya kufikia 24. Mimi nachagua njia hii, ingawa ni ghali zaidi. Kwa vyovyote vile, viwekwe vitatuvitatu, kwa kuwa kichakataji husoma kumbukumbu kupitia njia 3 kwa pamoja. Na kabla ya kulipa, soma karatasi iliyobandikwa juu ya kibao, maana vyenye rejista (chipu ndogo inayopokea na kupitisha amri za kumbukumbu) havichanganywi na visivyo nayo.