Tochi ya nanomita 365 kutoka akedi za Kampala: nyota nne

Duka ni kijichumba ndani ya akedi (jengo la maduka mengi) jirani na Old Taxi Park, na wateja wake wakubwa ni mawakala wa mobile money wanaokagua noti bandia kwa tochi za urujuanimno. Mimi ni fundi wa maabara. Wanafunzi wetu walitaka kuona jinsi urujuanimno (mwanga usioonekana, uliopita zambarau) unavyoongeza elektroni zinazotoka kwenye visindano vya zinki oksidi ndani ya vakyumu, yaani chombo kilichotolewa hewa.

Muuzaji akanipa tochi ya shilingi 20,000. "Chukua hii ssebo, zote ni moja." Si moja! Ile ya noti ina mwanga wa urefu wa wimbi wa nanomita 395: fotoni yake, yaani chembe moja ya mwanga, ina nishati ya elektronivolti 3.14, na pengo la nishati la zinki oksidi, ambalo elektroni lazima ilivuke ili iwe huru kutembea ndani yake, ni kama 3.37. Haivuki. Ya 365 ina 3.40, inavuka kwa ukucha. Bei yake 45,000.

Maandishi ya boksi siyaamini, kwa hiyo nilikwenda na mafuta ya zinki ya vipele vya watoto. Nikapaka karatasi ya fotokopi, nikamulika. Chini ya 365 karatasi iling'aa buluu, ila palipopakwa pakawa peusi, kwa kuwa zinki oksidi inaumeza mwanga huo. Chini ya 395 pakaendelea kung'aa, hafifu kidogo. Muuzaji akaomba nimwachie kikopo.

Tochi haizing'oi elektroni yenyewe. Kuzitoa kunataka elektronivolti 5 na ushei. Inazipandisha tu hadi bendi ya upitishaji, ng'ambo ya lile pengo, tena inafukuza oksijeni iliyozishikilia juu ya sindano. Volti tunazoiwekea sindano ndizo zinazokondesha kizuizi pale nchani hadi elektroni zikapenya, kama walivyoeleza wanafizikia Fowler na Nordheim mwaka 1928. Kwetu mkondo wa elektroni ulipanda vizuri, na ulipozimwa mwanga ukashuka polepole, maana oksijeni hairudi kwa haraka. Dirisha la kioo cha kawaida kwenye chombo cha vakyumu lilitosha. Taa ya zebaki ya nanomita 254 ingetudai dirisha la kwatsi (quartz), na pesa hiyo hatuna.

Nyota moja nimeikata kwa sababu ya joto: kichwa kikipata moto mwanga unafifia, na mkondo unayumba katikati ya kupima. Tumeifunga kwenye kipande cha alumini chenye feni ya kompyuta. Miwani ya kukinga macho haimo kwenye boksi, nunua.

Ukienda, dai yenye kioo cheusi mbele. Isiyo nacho inavujisha mwanga mweupe, na doa la mafuta hutaliona.