Chipu za Kasino Zilizoumia: Angalia Ukingo Kabla ya Bei

Wadau, karibuni tena. Leo nina hasira na sitaificha. Fungu hili la chipu za kasino, vile visahani vya duara vinavyochezewa badala ya pesa, nimelinunua kwa muuzaji wa mtandaoni, na tangazo lake lilisema chipu zina "dosari ndogo". Ngoja nisogeze kamera mjionee wenyewe.

Hii hapa ni chipu ya dola 5 ya kasino ya Dunes, Las Vegas. Habari za Dunes mnazijua: ilifunguliwa 1955, ikalipuliwa Oktoba 1993, na leo pale pamesimama kasino ya Bellagio. Upana wa chipu ni milimita 39 kama kawaida. Tuyaache hayo, twende kwenye ukingo, maana ndio ulionikera.

Tazameni, taa naileta ubavuni. Chipu ambayo haijatumika ina kona mbili kali, ya juu na ya chini. Ukipitisha ukucha, unakwama. Kwenye hii ya Dunes, ukucha unateleza. Kona zimelika zote, na ukingo umekuwa mviringo. Sasa nachukua ile safi ya kulinganishia, naisimamisha kwa ukingo juu ya kioo, natoa mkono. Imesimama. Naleta ya Dunes, natoa mkono... chini. Narudia, na hapa sipulizi wala sigusi meza. Chini tena. Chipu hii imepangwa na kupanguliwa miaka na miaka mikononi mwa wagawa karata, imesuguana na wenzake mpaka kona zikaisha. Kuliita hilo dosari ndogo ni kumdanganya mnunuzi.

Na kuna hili la kung'aa. Pamba nyeupe, nasugua kidogo. Mmeona? Imelowa mafuta. Kupaka mafuta ni jambo la kawaida, chipu hizi za mchanganyiko wa udongo hukauka na kupauka, na mafuta kidogo huirudisha rangi. Lakini sema! Mwambie mnunuzi umepaka, kwa sababu kwenye picha mafuta hufanya chipu iliyochoka ionekane ya jana.

Ndiyo maana nawaambia kila siku, uchafu usiwatishe. Uchafu wa vidole hutoka kwa maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo na mswaki laini, ila msisugue maandishi ya dhahabu, yale hubanduka. Ukingo ukishaliwa haurudi. Mimi chipu yenye ukingo kama huu naikata nusu ya bei ya safi papo hapo, na nikiona mafuta yamefichwa nashuka tena.

Kabla sijasahau: jumamosi tuko moja kwa moja, leteni za kwenu tuzikague. Na tafadhali, msilete zile seti za nyumbani zenye chuma ndani, za gramu 11.5. Nyingi hazijawahi kuingia kasino yoyote. Wauzaji wanaziita "za kizamani" na watu wanalipa.

Haya, ya pili: chipu ya dola 1 ya Stardust, kasino nyingine ya Las Vegas, ina tundu katikati. Nilipoifungua nilitaka kuitupa pembeni, lakini kadiri ninavyoitazama ndivyo inavyonipendeza. Stardust ilifungwa Novemba 2006, ikaangushwa Machi 2007. Kanuni za Nevada, jimbo lenye Las Vegas, zinataka kasino inayoachana na chipu zake iwape watu muda wa kuzirudisha walipwe, kisha zilizorudi ziharibiwe. Nyingine hutobolewa au kukatwa pengo ukingoni ili zisichezewe tena.

Sasa tundu nalo lina maneno. Hili limepita wima, midomo yake safi pande zote mbili. Ningeliona limekaa upande, limepinda, na nyufa zimelizunguka, ningesema mtu katoboa nyumbani apate cha kuning'iniza funguo. Hiyo ni uharibifu tu, siipi thamani. Na tazameni kona za hii... ukucha umekwama! Nyie! Kona zipo!

Bei? Kwa kasino ambayo chipu zake nzima bado zinapatikana, tundu linaua karibu thamani yote. Hii naweka dola 3, basi. Lakini nikiletewa ya Moulin Rouge, ile hoteli ya 1955 ambapo weusi na weupe walikaa meza moja wakati kasino kubwa za Las Vegas zinawafukuza weusi mlangoni, na ikafungwa kabla mwaka haujaisha? Ije na tundu, ije na pengo, nitakaa tuzungumze bei. Nzima ni za kugombania, na wengi wetu mfuko hautafika.

Fungu zima nimelipa dola 18. Ya Dunes hainitoki rohoni, narudisha, nimeshamwandikia muuzaji na picha ya pamba nimemtumia. Ya Stardust inabaki hapa. Ya tatu imeunguzwa na sigara usoni, hiyo tutaikagua jumamosi, njooni na maswali.