Ushauri nasaha wa familia mtandaoni: uzoefu wangu kama mzazi

Huduma niliyotumia ni ya kulipia, na washauri wake wako hapa hapa Kenya. Unajaza fomu, unachagua mshauri, unalipa kwa M-Pesa, kisha unatumiwa kiungo cha kikao. Mzazi aliyelemewa akiitumia peke yake, naipa nyota nne kati ya tano. Familia nzima ikiingia pamoja, naipa tatu.

Fomu yenyewe ni PHQ-9, maswali 9 kuhusu huzuni, na GAD-7, maswali 7 kuhusu wasiwasi. Yote yanauliza hali ya wiki 2 zilizopita, na kila jibu lina alama 0 hadi 3. Kufikisha jumla ya 10 kwenye mojawapo maana yake unahitaji kuangaliwa zaidi, si kwamba umeshathibitishwa kuwa mgonjwa. Swali la mwisho la PHQ-9 linagusa mawazo ya kujidhuru. Ukijibu chochote kisichokuwa sifuri, huduma makini itakutafuta bila kungoja siku ya kikao. Isiyokutafuta, achana nayo. Karo, wakwe na mtoto aliyeacha kuongea havimo katika maswali hayo. Viandike kwenye nafasi ya maelezo, la sivyo nusu ya kikao itaishia kueleza nani ni nani nyumbani.

Kikao cha kawaida ni dakika 50 hivi. Kwa mtu mmoja zinatosha, kwa watatu hazitoshi. Utaratibu uliofaa ni wazazi kwanza, kijana peke yake baadaye, halafu wote. Mkianza na wote, kijana ananyamaza, mzazi mwenye maneno mengi anatawala, na mshauri anaona nyuso tu; mguu unaotikisika chini ya meza hauoni.

Vikao vingi huharibika kwa sababu ya simu moja kutumiwa na watu wawili. Aliye mbali na maikrofoni husikika nusu nusu, na mshauri bila kukusudia humfuata aliye karibu. Tumieni simu mbili, vyumba viwili, kila mtu na earphone zake. Simu mbili chumba kimoja bila earphone huleta mwangwi. Nyumba za kupanga kuta zake ni nyembamba, kwa hiyo gari lililoegeshwa ni ofisi nzuri kuliko sebule. Video ya saa moja inaweza kula zaidi ya megabaiti 500 za bando, sauti pekee hula kidogo sana. Mtandao ukianza kuyumba, zimeni video mapema, na mkubaliane tangu mwanzo kwamba ikikatika kabisa mshauri atapiga simu ya kawaida.

Kifurushi cha meseji, yaani kuandikiana na mshauri badala ya kuongea naye, sikipendekezi kwa wanandoa. Hasira ya saa sita usiku inajibiwa kesho mchana, wakati ugomvi umeshageuka mwingine, na maandishi yanabaki kwenye simu ambayo watoto wanajua neno lake la siri.

Kabla ya kulipa uliza: je, umesajiliwa na Bodi ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia, iliyoundwa kwa sheria ya 2014? Vikao vinarekodiwa? Nikikuambia jambo peke yangu, utamficha mwenzangu? Hilo la tatu watu hulisahau, nalo ndilo huvunja vikao vya wanandoa. Suala la siri za wateja si hofu tupu: mwaka 2023 tume ya biashara ya Marekani, FTC, iliitaka BetterHelp, kampuni ya ushauri nasaha mtandaoni, ilipe dola milioni 7.8 kwa madai ya kuwapa wauza matangazo taarifa za wateja. Hapa Kenya, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakuruhusu kuuliza wanachohifadhi kukuhusu.

Penye kipigo nyumbani, kikao cha pamoja ni hatari, kwani yanayosemwa mbele ya mshauri hulipiziwa baadaye. Piga 1195, namba ya msaada kwa wanaofanyiwa ukatili wa kijinsia. Kwa mtoto aliye hatarini ni 116, na 1199 ya Msalaba Mwekundu hutoa ushauri bila malipo, hata kwa asiye na pesa ya kifurushi.

Baada ya vikao vinne au vitano, omba kujaza fomu tena. PHQ-9 ikishuka alama 5 au zaidi, hayo ni mabadiliko ya kweli. Isiposhuka, omba mshauri mwingine; kwenye programu niliyotumia kubadilisha ni bure, ingawa kitufe chake wamekificha ndani ya mipangilio.