Siku mbili Kisarawe: usiishie ndani ya geti

Sabasaba ya mwaka huu hatukwenda Maonyesho. Nilikodi nyumba ya mapumziko Kisarawe kwa usiku mbili: mimi, mume wangu, watoto wawili na mama mkwe. Nyumba safi, vyandarua vizima, jiko la gesi lina kila kitu. Kilichoniudhi ni bwawa la kuogelea. Kwenye picha lina maji, sisi tumelikuta kavu, limejaa majani ya mwembe. Watoto wakanuna. Nikamuuliza mhudumu, huku kuna nini cha kufanya? Akajibu, "Hapa mnapumzika tu, dada." Hapana jamani, vitu vipo, tena vingi!

Msitu wa hifadhi wa Pugu-Kazimzumbwi tuliufikia kwa bajaji, si mbali. Pale kwa watu wa TFS, wakala wa misitu wa serikali, tulipewa namba ya malipo, tukalipa kwa simu na kupata kijana wa kutuongoza. Msiingie bila muongozaji. Huyu alikuwa anasimama kila baada ya hatua chache, mara hondohondo juu ya mti, mara kima. Kwenye kijito kimoja akawaambia watoto kwamba Mto Msimbazi unaanzia kwenye vilima hivi hivi vya Pugu. Mwanangu anaujua Msimbazi wa Jangwani, ule wa mafuriko. Alichutama, akachovya vidole, akauliza kama ni maji yaleyale.

Lakini kwangu mimi la kwanza ni mapango ya popo. Ni mapango yaliyochimbwa kutafuta kaolini, ule udongo mweupe. Ukigusa ukuta, kidole kinatoka na unga kama wa chaki. Nendeni jioni. Kwenye saa kumi na mbili na nusu walitoka popo wawili, watatu, kisha wakamiminika kama moshi wa tanuri la mkaa, hawaishi, na upepo wa mabawa unausikia usoni. Harufu ni kali, nasema kweli. Mama mkwe alijiziba pua kwa kanga lakini kuondoka hakutaka, mpaka giza likaingia.

Usiku ule komba walilia nyuma ya nyumba. Binti yangu akatuamsha, akidhani kuna mtoto mchanga ametupwa nje.

Siku ya pili tulipita Shule ya Pugu, ambako Mwalimu Nyerere alikuwa anafundisha TANU ilipozaliwa tarehe 7 Julai 1954, akaacha kazi mwaka uliofuata. Mama mkwe aliomba tusimame tu barabarani aitazame. Tukasimama. Wazee wetu wana mambo yao na Mwalimu, na siku yenyewe ilikuwa Sabasaba.

Kwa wasio na gari: daladala mpaka Gongo la Mboto, halafu nyingine ya Kisarawe. Bei ya bajaji pataneni kabla hamjapanda. Bebeni tochi, viatu vya kufunga na sweta, maana Julai alfajiri kuna baridi ambayo Dar hatuijui. Mihogo ya kuchoma na madafu mtanunua njiani.

Nyumba naipa nyota tatu kwa sababu ya lile bwawa. Mwenye nyumba, kama unasoma hapa, tafadhali bandika karatasi sebuleni yenye namba ya simu ya waongozaji wa msituni. Wageni waliotukuta tunaondoka walikuwa wamekaa kibarazani wanachezea simu, na mapango hawajayasikia.